Kilio Tulichokipeleka Homa Bay

Alifika Uriri siku chache baada ya sisi kumzika Mama Beldina. Gari lilimshusha barabarani, naye akaifuata njia ya katikati ya mahindi peke yake, mwanamke wa Kikorea wa miaka hamsini na kitu, nywele fupi zenye mvi, viatu vya raba vimeshika udongo mwekundu. Wazee waliobaki chini ya turubai walisimama ili wampe mkono. Hakuwatazama. Aliwapita, akaupita mlango wa nyumba kubwa, akatupita sisi wanawake tuliokuwa tukisugua masufuria, na alipofika penye udongo mbichi akapiga magoti, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti hata ng'ombe wa jirani wakaacha kula. "Huyu Mchina analilia Beldina wetu?" mzee mmoja akauliza. Nikamjibu, mikono yangu ikichuruzika sabuni, "Si Mchina, baba. Ni Nyar Korea. Mwache alie kwanza." Kwetu, aliyekosa mazishi hasalimii mtu, hanywi maji wala haketi kabla hajafika kaburini na kulia. Mzee alilijua hilo kuliko mimi. Kilichomshangaza ni kwamba mgeni naye alilijua. "Nani alimfunza?" akauliza. Nikamwonyesha kaburi kwa kidevu.

Alipomaliza alinawa uso, akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda kando yangu kana kwamba tuliachana jana. Tulikuwa hatujaonana kwa zaidi ya miaka ishirini. "Awuor," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho hakijazeeka hata kidogo, "umenenepa vizuri." Nikamwambia yeye amekauka kama omena, vile visamaki vya ziwani. Tukala ugali wa mtama na samaki waliobaki wa matanga, tukilamba vidole na kutazamana. Tangu tulipoachana nimeishi Isebania, Mwanza, Kisumu, Mombasa, na miaka kadhaa Doha nikisuka nywele za wake za watu wenye pesa. Sijawahi kukaa mji mmoja mpaka majirani wakalizoea jina langu. Watu huniuliza nahangaishwa na nini. Lakini nikijiuliza ni wapi niliwahi kuishi bila kutamani kuondoka, jibu huwa ni chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko la Migori, kilichotenganishwa na chumba cha mgeni huyu, Miran, kwa ukuta mmoja tu mwembamba, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne na matokeo ambayo hayakunipeleka popote, kwa hiyo nikajipeleka mwenyewe mjini, nikaomba kufunzwa kazi kwenye saluni ya Mama Beldina. Ilikuwa chumba kimoja kilichopakwa rangi ya buluu hadi kiunoni na nyeupe kwenda juu. Kulikuwa na mashine mbili za kukaushia nywele, moja ikikausha, nyingine ikipiga kelele tu, lakini hatukuitupa kwa sababu wateja walipenda kuona tuna mbili. Harufu ya dawa ya nywele iligombana kutwa na harufu ya samaki wa jirani yetu aliyekaanga kibarazani. Mama Beldina alikuwa na miaka arobaini na kidogo, mnene, mwenye kucheka kwa mabega, na alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Aliweza kumkemea mteja kwa kumsengenya mumewe na dakika hiyo hiyo akamwuliza, "Kisha akasema nini?"

Miran aliingia asubuhi moja kutafuta mtu wa kumkata nywele, akamkuta Mama Beldina anampamba bibi harusi. Siku hizo sote tulitumia poda moja, ile ya rangi ya waridi iliyoletwa kutoka Nairobi, na maharusi wetu walitoka mlangoni kama watu walioangukia gunia la unga. Miran alisimama akatazama kwa muda. Kisha akaomba ruhusa kwa mikono, akamgeuza msichana kuelekea dirishani, akamshika kidevu, akafuta kila kitu. Alifungua kisanduku chake, akachanganya kahawia mbili na nyekundu kidogo nyuma ya kiganja chake, akaanza kupaka polepole bila kusema neno. Alipomaliza, yule msichana alijitazama kwenye kioo, akaanza kulia, na Mama Beldina akamfokea asiharibu kazi. Baadaye Miran alituambia kwamba kupaka ngozi kama yetu alifundishwa na mwanamke mweusi huko California, rafiki yake wa kazini. Kazi gani, hakusema. Jioni hiyo alikuwa na chumba kando ya changu, na kufikia mwisho wa mwezi hakuna harusi kutoka Awendo hadi Isebania ambayo haikumtaka. Kwa sababu mwanamke kwetu huitwa kwa mahali alikotoka, akawa Nyar Korea, binti wa Korea, na hakuna aliyehitaji jina lake jingine.

Alikuja huku kwa ajili ya mama yake. Kaka yake alikuwa mchungaji, mwenye kanisa dogo na shule ya chekechea nje kidogo ya mji wa Homa Bay, na baada ya baba yao kufariki alikuwa amemleta mama aishi naye. Kila Jumapili Miran alifunga safari kwenda kula chakula cha mchana huko, nami nilimsindikiza, mwanzoni kwa sababu ya lugha, baadaye kwa sababu ya chakula. Nilidhani nyumba ya misheni ingekuwa na fahari, kumbe ilikuwa na sebule yenye mkeka, meza fupi ya kukalia chini, na dirisha lililotazama ziwa. Mama yao tulimwita Dana, yaani bibi. Alikuwa mdogo wa mwili, mgongo umepinda, na Dholuo yake aliyookota kwa wauza mboga ilimshinda mwanawe aliyesomea lugha hiyo darasani. Alikuwa akitia chumvi na pilipili kwenye kabeji, anaizika mtungini mpaka ichachuke, na kwa kuwa hakupata vitoweo vya kwao alitumia omena zilizosagwa. Mara ya kwanza nilitoa machozi. Mara ya pili niliomba niongezwe. Alikuwa akimtolea Miran miba ya samaki kwa vidole, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, akimwekea nyama nyeupe juu ya wali bila kumtazama usoni.

Ilinichukua muda kuona kwamba hakuwa akimtazama usoni. Mengine niliyaona mapema: kwamba Pasta alimtaka dada yake afike baada ya ibada, si kabla; kwamba hakuwahi kumwalika alale; kwamba waumini waliambiwa ni mgeni wa familia. Pasta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akitutengenezea chai mwenyewe na kuniuliza kuhusu Kidato cha Nne kwa upole uliotaka kunitoa machozi. Lakini alisikiliza kila neno la Miran kwa mama yake jinsi mtu anavyomsikiliza mtoto aliyebeba sufuria ya maji moto.

Kilichofichwa kililetwa saluni na Odhis. Odhis alikuwa na ukumbi wa video karibu na stendi, benchi za mbao na pazia jeusi, mahali ambapo vijana walitazama mapigano mchana na, wakishafukuza watoto, mambo mengine. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye madeni ya maneno kwa kila msichana mjini. Aliingia akiwa ameficha kitu ndani ya shati. "Mama Beldina, wewe umekaa na nyota na hutuambii!" Akaiweka sidi mezani, katikati ya vitana. Kwenye jalada kulikuwa na mwanamke aliyevaa kimono nusu bega, na hata mimi nisiyejua chochote nilikijua kile kidevu. Jina lililoandikwa lilikuwa la Kizungu, na sitaliandika hapa. Miran hakuwepo, alikuwa amekwenda kumpamba mtu Ntimaru. "Nataka tu aje asalimie wateja," Odhis akasema. "Nitaweka kibao nje. Staa mwenyewe, laivu, Migori!"

"Wewe," Mama Beldina akamwambia, "mama yako anajua unauza nini nyuma ya lile pazia?"

"Si nauza sinema, mama."

"Basi nenda kamwalike naye asalimie wateja."

Odhis alicheka, akaichukua sidi yake, akaondoka, na kabla ya jua kutua mji mzima ulikuwa umeambiwa. Siku zilizofuata wanaume ambao hawakuwahi kuhitaji saluni walianza kupita polepole mbele ya mlango wetu. Mmoja aliingia akataka kunyolewa na Mkorea pekee. Mama Beldina alimketisha, akamnyoa mwenyewe kwa mashine iliyokosa makali, na alitoka akiwa na kichwa cha kuku aliyenyonyolewa kwa haraka. Wateja wawili wa harusi walituma watu kusema wamepata mwingine. Wanawake waliokuja walikaa kimya chini ya mashine, na saluni yenye wanawake kimya ni kitu cha kutisha.

Mama Beldina alingoja siku moja tu, kisha wakati wa chakula cha mchana akafunga mlango. Nakumbuka tulikuwa na githeri na parachichi. Akamwuliza moja kwa moja, nami nikawa mkalimani pale Kiswahili cha Miran kilipoishia. "Yule wa kwenye sidi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Ulipenda?"

Miran alifikiri, kijiko hewani. "Siku zingine. Siku zingine ilikuwa kazi tu, kama watu wa Awendo na miwa."

"Utarudia?"

"Mama, nina miaka thelathini na sita. Mgongo unauma."

Mabega ya Mama Beldina yakaanza kutikisika, na nilipoona anacheka nami nikapumua. Basi Miran akatueleza. Alikuwa amekwenda Amerika kusoma. Biashara ya baba yake ilipoanguka, karo ikakatika, naye akaenda kupaka watu rangi za kucha. Mteja mmoja akampa namba ya mpiga picha, na kutoka kwenye picha akaingia kwenye filamu. Hakudanganywa, alitaka tulielewe hilo. Aliambiwa ni filamu za namna gani, akakaa nalo siku kadhaa, kisha akaenda kwa miguu yake. Alisema sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kusubiri. Unafika alfajiri kwenye nyumba ya kukodi yenye bwawa, unakaa umevaa joho, kahawa yako inapoa, wanaume wanabishana kuhusu taa. Kila mwezi ulipimwa damu, na bila majibu hukuruhusiwa kukanyaga pale. Mwenzake mmoja alisomea uuguzi kati ya picha na picha, vitabu vimefunguliwa magotini. Mwingine alifuma sweta. "Sweta?" Mama Beldina akauliza. "Pale pale?" "Pale pale. Alinifumia moja. Ya kijani." Hilo lilimpendeza Mama Beldina kuliko yote, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa akilisimulia.

Lililomkasirisha Miran halikuwa lile tulilodhani. Lilikuwa kwamba kwa miaka karibu kumi hakuruhusiwa kuwa Mkorea. Leo analetewa kimono cha Kijapani, kesho anaambiwa ni Mchina, siku nyingine wanamvika kofia ya mashamba ya mpunga. Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko cha mwongozaji, lakini aliandikiwa maneno yaliyovunjika na kuambiwa ayatamke kwa aibu. Alipopata jina, majalada yakawa na uso wake mkubwa, akadai waandike kwamba anatoka Korea. Walimcheka, kisha wakakubali, kwa filamu chache. Siku aliyopewa tuzo, kwenye hoteli kubwa, alikuwa chooni jina lake lilipotajwa, mtu mwingine akaipokea. Alipofika thelathini simu zikaanza kupungua. Hapo yule rafiki yake mpambaji akamwita upande wa pili wa kioo, akamfunza kupaka nyuso za wengine. "Upande huo nilikuwa hodari zaidi," alisema. Nikitazama nyuma naona kwamba hakusimulia kama mtu anayetubu wala kama anayejisifu. Alisimulia kama mtu aliyefanya kazi mahali, akaondoka, na bado anawakumbuka wenzake. Sikuwahi kusikia mtu akizungumza hivyo kuhusu jambo ambalo wengine walikuwa wakilinong'ona, na nadhani nilianza kukua siku hiyo, kinywa kimejaa githeri.

"Na baba yako, alisema nini?" Mama Beldina akauliza.

Baba alipata kujua kupitia muumini wa kanisa la Wakorea huko Amerika. Kutoka siku hiyo hakupokea simu yake. Mama aliambiwa kwamba binti anauza vipodozi na ana shughuli nyingi. Miran naye, kwa aibu, akaacha kupiga. Baba alipofariki, kaka yake alimpigia baada ya maziko.

Kijiko cha Mama Beldina kilisimama. "Hukumzika baba yako?"

"Sikuambiwa."

"Ukaenda kumlilia?"

"Niliogopa."

"Yawa!" Mama Beldina akaisukuma sahani. Mwanamke ambaye alikuwa amesikiliza habari za sinema akila, sasa hakuweza kumeza. "Kwa hiyo unakwenda kwa mama yako kila Jumapili, unakaa, unakula, na hujamlilia mume wake? Na mama anakuona hivyo?" Miran hakuelewa. Nilimfafanulia kadiri nilivyoweza: kwamba kwetu mtu wa namna hiyo ni kama hajafika. Yuko njiani bado, hata kama amekaa mezani. Alisikiliza, kisha akasema polepole kwamba mama yake hajawahi kutaja mazishi. Wala kumtazama, nikawaza.

Habari zilimfikia Pasta wiki hiyo hiyo, maana kutoka Migori hadi Homa Bay umbea hauhitaji nauli. Alikuja saluni, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaongea Kiingereza, si Kikorea, ili asionekane anaficha. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwuliza. Mama alikuwa na shinikizo la damu. "Usije tena," akamwambia dada yake. "Nitamwambia umerudi Amerika, kazi imekuita. Atakuwa na huzuni kidogo, lakini atakuwa mzima." Miran alikuwa akisafisha brashi zake. Alizipanga moja moja kwenye taulo. Kaka yake alipoondoka, Miran alisema neno moja tu, "Tena," na nikalielewa. Walikuwa wamemnyima baba kwa namna hiyo hiyo.

"Jumamosi tunafunga saluni," Mama Beldina akasema.

Alichofikiria kilikuwa rahisi kwa akili yake. Kama mtoto amekosa kumlilia baba, apelekwe akalie, na watu wake wamsindikize, ili asiwe peke yake. Kaburi liko Korea, sawa, lakini mjane yuko Homa Bay. Alikusanya wanawake wa kikundi chake, akaazima pikapu ya mfanyabiashara wa vyuma, Mwislamu mpole ambaye aliposikia ni kilio hakuuliza ni cha nani. Miran alivaa gauni jeusi la Mama Beldina lililomzunguka mara mbili. Njiani alifunzwa namna ya kuingia: usisalimie, usisimame, lia ukimwita. Ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria, na sote tulikuwa watu wazima wenye akili, ni majirani.

Tulishuka hatua chache kabla ya lango, Mama Beldina akafungua kifua, akapiga nduru, na wengine wakadaka. Kwetu nduru langoni asubuhi ina maana moja tu. Mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa fundi baiskeli ng'ambo ya barabara. Kisha wauza mboga wakaacha meza zao. "Dana amekufa!" mtu akasema, na mwingine akalipokea, na tulipofika uani watu walikuwa wakikimbia nyuma yetu mikono kichwani, wakilia machozi ya kweli, kwa sababu yule bibi alipendwa. Mwanamke mmoja alianza kuchochea moto kwenye mafiga ya chekechea apike chai ya waombolezaji. Kijana mwenye viti vya kukodisha aliingiza mkokoteni wake langoni, amevifunga kwa kamba. Pasta alitoka nje akiwa na soksi tu, uso umekuwa mweupe kama karatasi, akipiga kelele, "Nani? Nani?" na nyuma yake, akiwa na pilipili hadi viwikoni na jani la kabeji mkononi, akatoka marehemu mwenyewe.

Nduru zilikatika. Wauza mboga walimtazama wakarudi nyuma. Ni Miran pekee ambaye hakunyamaza. Alikuwa amekwisha kuanza, na naamini hakuona hata mtu mmoja. Alipita katikati yetu mpaka miguuni pa mama yake, akapiga magoti kwenye changarawe, paji la uso chini, akilia neno moja la Kikorea ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa akimwita baba yake. Dana alisimama. Jani la kabeji likamwanguka. Pasta akasogea amwinue dada yake, na Dana akamzuia kwa mkono ule wenye pilipili, akamwacha na alama nyekundu kifuani mwa shati. Kisha akaketi chini pale pale, kwa shida, kwa sababu ya mgongo, akapiga ardhi kwa kiganja na kulia, sauti nyembamba ndefu yenye kupanda na kushuka, ya zamani. Baadaye Miran aliniambia kwamba kwao nako walilia hivyo, kabla ya mambo kuwa ya kistaarabu. Mama Beldina, alipoisikia sauti ile, aliniminya mkono. "Unaona? Alikuwa amebaki na kilio chote." Naye akaanza upya, na majirani, ambao walikuwa wamekuja kulia na hawakuwa tayari kurudi na kilio chao, wakajiunga.

Tuliingia jikoni sisi wanne, Dana, Miran, Mama Beldina na mimi, tukakaa kuzunguka beseni la kabeji. Pasta alisimama mlangoni. Miran alianza kusema, kwa Kikorea, akiwa ameinamisha kichwa, na kutokana na uso wa Pasta nilijua anasema yote. Mara mbili kaka yake alimkatiza. Mara ya pili Dana alimjibu kwa maneno machache, na mchungaji wa watu akatoka kimya kuwashughulikia waombolezaji. Miran akaendelea. Dana aliendelea kupaka pilipili, jani baada ya jani. Kisha akauliza kitu, Miran akajibu. Akauliza tena. Miran akajibu tena. Dana akauliza mara ya tatu, na Miran akatugeukia sisi.

"Amesema nini?" Mama Beldina hakuweza kuvumilia.

Miran alijifuta pua kwa mkono wa gauni la kuazima. "Ameuliza kama walikuwa wakinipiga. Nimesema hapana. Ameuliza kama nilikuwa nakula. Nimesema ndiyo. Sasa anauliza, kama sikupigwa na nilikuwa nakula, mbona sikumpigia simu miaka yote hiyo."

"Na mbona hukumpigia?"

"Sijui, Mama. Sina jibu."

"Basi mwambie huna."

Akamwambia. Dana alinyanyua macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alimtazama binti yake usoni, kwa muda mrefu, jinsi Miran mwenyewe alivyozoea kumtazama bibi harusi kabla hajagusa brashi. Hakumkumbatia. Hakutamka neno la kusamehe, na Miran aliniambia kwamba hakuwahi kulitamka, hata miaka aliyomtunza mpaka mwisho wake. Alinawa mikono tu kwenye ndoo, akajishikiza begani kwa Miran ili ainuke, na bila kuliachia bega hilo akatoka naye nje.

Uani watu walikuwa bado wamesimama makundi makundi, hawajui wakae au waondoke. Wazee wa kanisa walikuwa wamefika, wale wale waliomhoji Pasta, na Pasta alikuwa katikati yao akieleza kitu kwa mikono. Dana akawaambia wote kwa Dholuo yake ya sokoni, kwa sauti ndogo iliyowafanya wanyamaze ili waisikie: "Nyara osebiro." Binti yangu amefika.

Fundi baiskeli akakuna kichwa. "Lakini Dana, huyu si huja kila Jumapili?"

"Amefika," Dana akarudia.

Mzee mmoja wa kanisa alimtazama Miran, akamtazama Pasta, kisha akavua kofia. Kijana wa viti aliuliza kama avirudishe. Dana akamwambia afungue kamba, avipange.